Mfumo unasumbua: utengenezwe au uandikwe upya?

Simu huja jioni, baada ya watu kufunga hesabu. "Kijana, huu mfumo umechoka. Tutengenezee mwingine." Anayepiga ni mwenye duka la jumla, au mhasibu wa SACCOS, au mwalimu aliyekabidhiwa ada na matokeo ya shule. Kazi yangu ni kutunza mifumo ya aina hii. Mingi ni PHP (lugha ya kuandikia programu) na MySQL (hifadhidata, yaani ghala la data) ndani ya XAMPP, kifurushi kinachoviendesha vyote viwili, imewekwa kwenye kompyuta moja pale ofisini, chini ya meza. Nimejifunza kutolijibu ombi hilo siku hiyohiyo. Huwa nauliza kwanza: umechoka vipi? Ulikuwa unafanya nini ulipokukwamisha?

Kwa sababu "umechoka" si dalili, ni uchungu wa mtu aliyekesha na ripoti. Dalili ni kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole kwenye skrini. Hapa nimezipanga zile ninazoletewa mara kwa mara. Katika kila moja naanza na sababu ninayoikuta zaidi na kipimo chepesi, kisha nashuka kwenye matengenezo mazito. Msimamo wangu nautoa mapema: umri wa programu si ugonjwa. Programu iliyofanya kazi miaka kumi imebeba maamuzi ya biashara ambayo mengine hayakuandikwa mahali pengine popote. Ukiitupa, umeyatupa na hayo. Kuandika upya kuna wakati wake, nitaueleza, ila ni mara chache kuliko watu wanavyodhani.

Kabla ya kugusa chochote

Toa nakala ya hifadhidata kwa mysqldump, zana ya MySQL ya kunakili data, nakili folda nzima ya programu, viweke kwenye diski ya nje. Kisha fanya kile ambacho wengi hukiruka: ifungue hiyo bekapu kwenye kompyuta nyingine, uone kama mfumo unawaka na kama mauzo ya jana yamo. Bekapu ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kuwa unayo.

Simama hapa ikiwa kunakili kunakwama njiani, faili fulani hazisomeki, au diski inatoa mlio wa kugonga. Hiyo ni diski inayokufa, na kila unapoiwasha tena unaipunguzia uhai. Izime, umtafute mtaalamu wa kuokoa data.

Dalili: mfumo umekuwa mzito

Maswali matatu, hayahitaji fundi. Ni kompyuta moja au zote? Ni ukurasa mmoja au kila ukurasa? Ni siku nzima au saa fulani tu?

Kama ni kompyuta moja, tatizo liko kwenye kompyuta hiyo: diski imejaa, virusi, waya wa mtandao umelegea. Mfumo hauhusiki. Kama ni kompyuta zote na kila ukurasa, nenda kwenye mashine inayobeba hifadhidata. Angalia nafasi ya diski, angalia kumbukumbu, angalia kama programu ya kuzuia virusi inapekua folda ya MySQL muda wote. Na kama uzito unakuja saa sita mchana kila siku, tazama kama kuna mtu alipanga bekapu ifanyike saa sita mchana akidhani amepanga saa sita usiku. Kati ya saa yetu na ile ya kompyuta, kosa hilo ni rahisi mno kulifanya.

Kama ni ukurasa mmoja au miwili, hapo ndipo kwenye kazi yenyewe, na sababu ninayoikuta kuliko zote ni kukosekana kwa faharasa (index) kwenye jedwali, ile orodha inayoiwezesha hifadhidata kuruka moja kwa moja hadi mstari inaoutaka. Katika duka moja la vipuri vya magari, kutafuta bei ya kipuri kulichukua sekunde kumi na moja. Mteja anasubiri kaunta, muuzaji anatazama kioo. Jedwali lilikuwa limefika mistari laki nne na ushee. Nikachukua lile swali la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, nikaweka neno EXPLAIN mbele yake, na kwenye safu ya type pakaandikwa ALL. Maana yake hifadhidata ilikuwa inapekua mstari mmoja mmoja tangu wa kwanza hadi wa mwisho, kila mtu anapouliza bei. Nilisubiri duka lifungwe, nikaandika amri moja ya CREATE INDEX, na sekunde kumi na moja zikawa chini ya moja. Mwenye duka alikuwa ameshapokea makadirio ya kutengenezewa mfumo mpya.

Nasema nilisubiri duka lifungwe kwa makusudi. Kwenye matoleo ya zamani ya MySQL, kuongeza faharasa hulifunga jedwali mpaka kazi iishe. Ukifanya hivyo saa nne asubuhi umesimamisha biashara.

Faharasa ikiwepo na bado ni pazito, tazama kama utafutaji umeandikwa LIKE '%neno%', yaani tafuta neno popote lilipo. Alama ya asilimia ikitangulia, faharasa ya kawaida haisaidii kitu. Baada ya hapo tazama kurasa zinazouliza hifadhidata mara nyingi mno: orodha ya wateja 200, na kwa kila mteja swali jingine la kujua deni lake. Hayo ni maswali 201 ambapo moja lililounganishwa lingetosha. Halafu zipo ripoti zinazosoma kila kitu tangu mfumo uanze wakati bosi anataka mwezi huu tu. Weka kikomo cha tarehe.

Sababu ya mwisho, na ni adimu, ni kwamba msingi wenyewe umefika ukomo. Mfano wazi ni faili la Microsoft Access linalotumiwa na watu wengi kupitia mtandao wa ofisi. Faili hilo halivuki GB 2, na faharasa haitaliongezea hata kidogo. Hata hapo si lazima utupe vyote: unaweza kuhamisha majedwali kwenda kwenye seva ya hifadhidata na kuziacha fomu zilezile zikisoma kutoka huko. Watumiaji hawatajifunza skrini mpya.

Dalili: hesabu hazilingani

Hii ndiyo dalili inayonifanya niache kazi nyingine zote, kwa kuwa nyuma ya tarakimu kuna fedha za watu.

Anza na saa. Seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Kwa hiyo kituo cha mafuta au duka la dawa linalouza usiku kucha litaona mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yakiangukia jana yake. Mwenye zamu anaonekana na upungufu, mwenzake ana ziada, na hakuna aliyeiba. Kipimo: andika SELECT NOW() kwenye hifadhidata, linganisha na saa ya mkononi. Zikipishana kwa saa tatu, umeshapata. Weka Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi kwenye mipangilio ya PHP, na upande wa MySQL weka +03:00. Rekodi za zamani usizisogeze kimyakimya. Andika tarehe ya mabadiliko, mhasibu aijue.

Pili, tazama aina ya safu zinazobeba fedha. Mhasibu mmoja wa chama cha akiba na mikopo alinitandazia karatasi mbili mezani, ya Oktoba na ya Novemba, akaweka kidole kwenye jumla ya akiba. Zote mbili zilisoma 2,147,483,647. Wanachama walikuwa wameweka fedha mwezi mzima na jumla haikusogea hata shilingi. Alikuwa amezipiga upya kwa kikokotoo mara tatu, akidhani kosa ni lake. Namba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote inayoingia kwenye safu ya aina ya INT, ya namba nzima. MySQL ya zamani, ikipewa zaidi ya hapo, iliibana kwenye kikomo na kuendelea. Ni kuanzia toleo la 5.7 la mwaka 2015 ambapo kwa kawaida inakataa na kutoa kosa. Kwa anayehesabu dola, bilioni mbili ni mbali. Kwa shilingi, SACCOS ya wastani inafika. Mwaka 2014 hata YouTube ilibidi ibadilishe kihesabu chake cha watazamaji kwa sababu video moja ilifikia kikomo hichohicho. Dawa ilikuwa kubadilisha safu iwe DECIMAL, aina inayoshika kiasi kamili, na kuijenga upya jumla kutoka kwenye miamala, ambayo yenyewe ilikuwa salama, kila mmoja na kiasi chake. Kazi ya mchana mmoja, tena mwingi wa mchana huo ulikwenda kuhakiki.

Ndugu yake ni FLOAT, aina ya namba za kukadiria. Aina hii inashika kwa uhakika tarakimu sita au saba tu, hivyo 12,345,678 inaweza kurudi kwenye skrini kama 12,345,700. Safu yoyote ya fedha yenye FLOAT ibadilishe iwe DECIMAL leo.

Tatu, wauzaji wawili kwa wakati mmoja. Stoo ina katoni tano. Huyu anasoma tano, yule anasoma tano, kila mmoja anauza moja na kuandika nne. Zimetoka mbili, mfumo unajua moja. Tafuta mahali ambapo programu inasoma idadi, inatoa yenyewe, kisha inaandika jibu. Badala yake iachie hifadhidata itoe: idadi = idadi - 1.

Nne, umeme kukatika katikati ya mauzo: risiti imeandikwa, stoo haijapunguzwa. Angalia kama majedwali yako ni ya MyISAM, mojawapo ya namna MySQL inavyoyahifadhi. Aina hiyo haina njia ya kusema "yote yafanyike au lisifanyike lolote", na ndiyo inayokuletea ule ujumbe wa "marked as crashed" baada ya umeme kurudi. REPAIR TABLE itakuvusha leo. Kuhamia InnoDB, namna inayoweza hilo, na kuyafunga mauzo ndani ya muamala mmoja, ndiko kutakakokuvusha mwaka mzima. Na UPS, ile betri ya akiba, kwa ajili ya seva, jamani, si anasa.

Mwisho kuna mikono ya watu. Mtu anaingia phpMyAdmin, ukurasa wa kuhariri hifadhidata moja kwa moja, na "kurekebisha kidogo". Ondoa ruhusa hiyo kwa kila asiyeihitaji.

Simama, uite mtaalamu pamoja na mkaguzi wa hesabu, kama ni akiba za wanachama, mishahara au kodi, na tofauti haielezeki baada ya vipimo hivi. Usiongeze mstari wa kusawazisha ili ripoti ipite. Na ukihisi wizi, usiguse kabisa: nakili kila kitu kilivyo, kwa sababu kumbukumbu hizo ni ushahidi, na wewe uliyezigusa utaulizwa.

Dalili: ukigusa hapa, kule kunaharibika

Umebadilisha sura ya risiti, ripoti ya mwezi imekataa kufunguka. Hapa ndipo mafundi wenyewe huanza kusema "tuandike upya", nami nawaelewa, maana kufanya kazi humo kunachosha roho.

Mara nyingi chanzo ni hesabu moja iliyonakiliwa sehemu nyingi. Kipimo: tafuta kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), yaani 0.18, kwenye folda nzima kama uko Tanzania Bara, au 0.16 kama uko Kenya, uhesabu umeikuta mara ngapi. Kenya walilipitia hili kwa uchungu. VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Aliyeiandika sehemu kumi na nne aligusa mara kumi na nne, tena mara mbili ndani ya miezi tisa. Aliyeiweka sehemu moja, pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, aliongeza mstari na kwenda kulala.

Sababu nyingine ni kutokuwa na historia. Ndani ya htdocs, folda ambamo XAMPP husoma programu, kuna folda ya mfumo, mfumo_mpya, mfumo_mpya2 na mfumo_final, na hakuna anayejua ipi ndiyo inayotumika. Ingiza kila kitu kwenye git, programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko, kabla ya kubadilisha herufi moja. Halafu kuna msimbo (maandishi ya programu) uliokufa ambao watu wanaogopa kuuondoa. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani iliweka toleo jipya la programu kwenye seva zake, lakini seva moja kati ya nane ikaachwa na la zamani. Kitufe kilichotumika kuwasha kazi mpya kilikuwa ndicho kilichokuwa kikiwasha kazi ya zamani, iliyoachwa miaka mingi bila kufutwa. Kwenye seva ile ya nane kikaiamsha. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Kisichotumika kitoe. Git itakuhifadhia.

Matengenezo ya kina huenda hivi. Chukua ripoti za miezi mitatu iliyopita, zitoe kwenye mfumo wa sasa, zihifadhi kama faili. Hiyo ndiyo picha ya tabia ya mfumo. Gusa kitu kimoja kidogo, toa ripoti zilezile tena, linganisha. Zikitofautiana hata senti, rudi nyuma ujue kwa nini. Polepole hesabu zilizotawanyika zinakusanyika sehemu moja, na siku moja unagundua kwamba huogopi tena.

Sasa kosa langu. SACCOS moja ya walimu ilinipa sehemu ya mikopo niiandike upya. Ndani ya msimbo wa zamani nilikuta mistari mitatu isiyo na maelezo: kama mwezi ni wa kwanza, ongeza siku kumi kwenye tarehe ya mwisho ya marejesho. Niliona ni takataka ya fundi aliyetangulia, sikuibeba. Januari ilipofika, wanachama wakatozwa adhabu ya kuchelewa. Kumbe kamati ya miaka hiyo ilikubaliana kwamba Januari, mwezi wa ada, watu wapewe nafasi ya kupumua. Uamuzi huo haukuingia kwenye masharti ya mkopo. Aliyeujua alikuwa karani mmoja mtu mzima, na ile mistari mitatu. Tulirudisha adhabu mwanachama mmoja mmoja, na mwenyekiti alilazimika kusimama mkutanoni kueleza jambo ambalo halikuwa kosa lake. Tangu hapo, kabla ya kufuta mstari wa ajabu, naenda kumwamkia aliyekaa ofisini muda mrefu kuliko wote. Nasema, "Shikamoo mama, huu utaratibu ulianzaje?" Mara nyingi una jibu.

Dalili: haiwaki baada ya kuhama seva au kusasisha

Ukurasa mweupe. Usikisie, fungua faili la kumbukumbu za makosa, lina jina la faili na namba ya mstari.

Kama umetoka Windows kwenda Linux, kwanza tazama herufi kubwa na ndogo. Windows haijali, Linux inajali: Ripoti.php na ripoti.php ni faili mbili tofauti, na majina ya majedwali ya MySQL vivyo hivyo. Kama hilo silo, ni toleo la PHP. Amri za mysql_connect na mysql_query ziliondolewa kabisa kwenye PHP 7.0, Desemba 2015, na mifumo mingi ya mitaani kwetu bado inazo. Kuzihamishia PDO, njia mpya ya PHP kuzungumza na hifadhidata, ni kazi ya siku kadhaa za uvumilivu. Si sababu ya kutupa mfumo. Anayekuambia vinginevyo muulize zipo ngapi, akuhesabie.

Unaweza kurudisha PHP ya zamani kwa muda, lakini ndani ya mtandao wa ofisi pekee. Hata PHP 5.6 iliacha kuzibiwa matundu ya usalama tarehe 31 Desemba 2018. Lugha ya Python 2 nayo ilifungwa tarehe 1 Januari 2020. Programu za Visual Basic 6 mara nyingi hukwama kwa faili moja la OCX, kipande cha ziada cha programu, ambalo halikuhamishwa pamoja nazo. Lilete, lisajili, zitawaka. Ila elewa kwamba Microsoft iliacha kuitegemeza zana ya kuziandikia tangu Aprili 2008, hivyo hapo unanunua muda tu.

Kipimo kimoja nakuomba ukifanye leo hata kama mfumo unawaka vizuri, lakini ukifanyie kwenye ile nakala uliyofungua kando. Andikisha mteja anayeitwa Ng'wandu. Kama skrini inarusha kosa la SQL, maneno ya mtumiaji yanaingia moja kwa moja kwenye amri za hifadhidata. Alama ileile ya (') iliyomo kwenye jina la heshima la Kisukuma, mwenye nia mbaya ataitumia kufungua milango yote.

Simama: kama mfumo huo uko wazi kwenye intaneti na una majina, simu au fedha za watu, utoe mtandaoni kwanza, kisha umwite mtaalamu wa usalama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinakuwajibisha wewe unayezitunza taarifa, si fundi aliyeondoka.

Dalili: aliyeutengeneza hapatikani

Simu yake haipo hewani, au amehamia nchi nyingine, au mligombana. Usikate tamaa upesi. Kama ni PHP, msimbo wote uko kwenye seva, na neno la siri la hifadhidata limeandikwa ndani ya faili la mipangilio. Tafuta pia kompyuta zake za zamani pale ofisini na barua pepe mlizoandikiana. Angalia jina la tovuti na nafasi ya kukodi zimesajiliwa kwa jina la nani, kwani siku malipo yakiisha huna sauti.

Kama ulichonacho ni faili la EXE pekee, yaani programu inayowaka lakini haisomeki, na msimbo haupo popote, hiyo ni sababu ya kweli ya kuandika upya. Ila kabla ya kumlipa mtu avunje ulinzi wa programu, soma mkataba na uone mwanasheria. Programu inalindwa na hakimiliki, na kuilipia hakumaanishi kila mara kwamba msimbo ni wako.

Dalili: biashara imebadilika

Duka moja limekuwa matawi matano. Mamlaka ya mapato inataka risiti za kielektroniki. Wateja wanalipa kwa simu. Mara nyingi hivi vinaongezwa pembeni: safu ya tawi kwenye kila jedwali, na data yote ya zamani ikapewa tawi namba moja, programu ndogo inayozungumza na mtandao wa kodi, mfumo mkuu ukabaki unauza. Pagumu ni pale matawi yanapotakiwa kuuza hata intaneti ikikatika na kulinganisha baadaye. Mfumo wa kompyuta moja haukujengwa kwa hilo, na kuubandika viraka kutakugharimu kuliko kuanza. Kwa hili mpate aliyewahi kulifanya, usimpe anayejifunzia kwako.

Ukiamua kuandika upya

Weka daftari miezi mitatu kwanza. Kila ombi la marekebisho liandikwe: sehemu gani, saa ngapi zimetumika, nini kiliharibika. Karibu kila mara saa nyingi zinarundikana kwenye sehemu moja au mbili. Andika upya sehemu hizo, nyingine ziache. Mwaka 2004 Martin Fowler, mwandishi wa mambo ya programu, aliifananisha njia hii na mitini aliyoiona Queensland, Australia, inayoota juu ya mti mwingine, ikateremsha mizizi yake taratibu hadi ikasimama yenyewe. Mauzo yanahamia mfumo mpya, stoo inabaki kwa wa zamani, baadaye stoo nayo inahama.

Njia ya pili, kubomoa yote na kujenga, iliiponza kampuni ya Netscape. Mwaka 1998 waliamua kuuacha msingi wa zamani wa kivinjari chao, na Netscape 6 ikatoka Novemba 2000, zaidi ya miaka mitatu baada ya Netscape 4. Katika muda huo Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ilikuwa imelichukua soko. Na usihamishe watu wote kwa mkupuo. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenda mfumo mpya Aprili 2018 ndani ya mwisho wa juma mmoja. Wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65.

Endesha mifumo miwili sambamba hadi mfunge angalau mwezi mmoja mzima, ikiwezekana na Januari ndani yake, na ripoti zilingane. Kama baada ya miezi mitatu ya kuandika hakuna hata sehemu moja inayotumiwa na watu halisi, simamisha malipo na mlete mtu wa nje aangalie.

Siku mfumo mpya ukisimama, wa zamani usiufute. Ufunge usiandikike, usomeke tu. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na mkaguzi akija hataomba skrini yako mpya, ataomba risiti ya mwaka wa tatu nyuma. Mpe mtu mmoja pale ofisini jukumu la kuiwasha ile mashine kila baada ya miezi mitatu, atoe risiti moja ya zamani, aichapishe.